Aliyeelezwa Alikuwa Mama

Tangu mwaka 2023 hivi, vyumba vya madaktari katika nchi kadhaa, Marekani na Uingereza zikiwa mbele, vimeanza kupokea msaidizi mpya: programu ya akili mnemba inayosikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa na kuyageuza kuwa maelezo ya faili. Daktari hainamii tena kibodi. Mgonjwa akishatoka, maelezo yako tayari kwenye skrini, yanasubiri kupitiwa na kusahihishwa. Chombo hiki kimesifiwa sana, na sifa inayorudiwa kuliko zote ni kwamba mawasiliano kati ya daktari na mgonjwa sasa yamepata dawa, kwa kuwa macho ya daktari yamerudi usoni mwa mgonjwa. Sina ugomvi na chombo. Ugomvi wangu ni na hiyo tafsiri, kwa sababu inatafuta kidonda mahali kisipo. Kwa sisi tulioanza kuumwa tukiwa watoto, mazungumzo hayakuharibiwa na kompyuta. Yaliharibika siku ya kwanza kabisa, pale daktari alipomweleza mama kila kitu na mtoto akapewa karatasi na kalamu za rangi ili atulie. Tangu siku hiyo kila daktari anayetupokea anaamini kwamba tulishaelezwa. Hatukuelezwa. Mtu aliyeishi na ugonjwa miaka mingi kuliko wengine wote kwenye foleni ya kliniki ndiye, mara nyingi, ambaye hakuna aliyewahi kumketisha akamfafanulia ugonjwa wake. Na chombo kinachoandika yanayosemwa hakiwezi kuziba pengo la yasiyosemwa.

Pengo hili lina historia, na chanzo chake ni habari njema. Januari 1922, mjini Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini, wa kwanza kutibiwa kisukari kwa dawa hiyo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari aina ya kwanza alikonda, akadhoofika, akafa, na wala halikuwepo suala la jinsi atakavyozungumza na daktari akiwa mtu mzima. Katika miaka ya 1950, watoto wengi waliozaliwa na sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu kwa ute mzito, hawakufikia umri wa kuanza shule. Leo nchini Marekani zaidi ya nusu ya walio na ugonjwa huo ni watu wazima. Mahali ambapo matibabu yanapatikana, wengi waliozaliwa na kasoro za moyo, waliozaliwa na VVU na wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, nao sasa hufikia utu uzima. Tiba ilipiga hatua, mazungumzo yakabaki pale pale. Kliniki za watoto zilijengwa ili mtoto asife, na kwa kazi hiyo mtu wa kuzungumza naye ni mzazi, kwani ndiye anayenunua dawa, anayeamka usiku na anayekumbuka tarehe. Hakuna aliyejiandaa kwa siku ambayo mtoto yule atafika miaka 40 akiwa na ugonjwa ule ule, amekaa mbele ya daktari asiyemjua yeye wala mama yake, akitakiwa ajieleze.

Tazama tofauti iliyopo. Mtu mzima akigundulika leo kuwa ana pumu, kifafa au kisukari, anaketishwa. Anaambiwa ni kiungo gani kimeshindwa kazi na dawa hii inafanya nini. Anaulizwa analala saa ngapi, anafanya kazi gani, anaogopa nini. Huenda muda hautoshi na maneno ni magumu, lakini yanaelekezwa kwake. Mtoto wa miaka mitano hana bahati hiyo. Chumba kina watu watatu, na maneno yanapita juu ya kichwa chake: "Mama, anakula vizuri? Usiku anaamka kukojoa mara ngapi? Sindano anazikubali?" Mimi nilikuwa mtoto huyo. Mama alifundishwa kuvuta dawa kwenye bomba, kunitoboa kidole, kutambua sukari ikishuka kwa jasho langu la baridi na ukali wa ghafla, na aliiva kweli kweli. Niko hai kwa sababu yake. Mimi nilichofundishwa ni kutotikisika. Miaka ikaenda, mikono ya kuchoma sindano ikawa yangu, lakini maelezo yale hayakukabidhiwa pamoja na bomba. Nilirithi kazi bila kurithi sababu zake.

Pasipo na maelezo, kinachotawala ni woga wa kugombezwa. Kila aliyekulia kliniki ya kisukari analijua daftari la sukari, lile lenye safu ya asubuhi, mchana, jioni na usiku. Nikiwa na miaka 12 nilikuwa nalijaza usiku wa kuamkia kliniki, wiki sita kwa mkupuo mmoja. Nilibadilisha kalamu, bluu, kisha nyeusi, kisha bluu tena, ili zionekane siku tofauti. Niliandika 7.2, nikaandika 6.8, halafu nikachomeka 11.4 mahali pamoja kwa sababu namba nzuri tupu zingetiliwa shaka. Safari moja nilijitoboa kidole makusudi nikapaka tone la damu pembeni mwa ukurasa. Daktari alilifungua, akaangalia kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, akaona haviendani, akamgeukia mama: "Mama, huyu mtoto anakula nini kwa siri?" Mimi hakuniuliza chochote. Angeniuliza, labda ningemwambia: namba mbaya zilikuwa zinagombezwa na namba nzuri zinasifiwa, kwa hiyo nilileta zinazosifiwa. Sasa weka ile programu ya kisasa katika chumba kile. Ingenasa swali la daktari na kigugumizi cha mama bila kukosea neno. Ukimya wangu isingekuwa na la kuuandikia. Na daktari ambaye angelifungua faili hilo mwaka uliofuata angekutana na sentensi iliyonyooka, yenye sura ya ukweli uliothibitishwa, kwamba mgonjwa hafuati masharti.

Wanaokitetea chombo wana hoja nzito, na si haki kuzipita juu juu. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walionyesha kwamba mgonjwa anayeanza kueleza shida yake hukatizwa na daktari baada ya wastani wa sekunde 18. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2018, ulikuta kwamba nusu ya wagonjwa waliokatizwa walikuwa wamekatizwa ndani ya sekunde 11. Daktari anayeandika huku anasikiliza, kisha anabaki hadi usiku akimalizia mafaili, hana nguvu ya kumvumilia mtu anayetafuta maneno. Ukimtua mzigo huo umemsaidia yeye na umetusaidia sisi. Nakubali yote hayo. Lakini wanaodai kwamba muda ndio tatizo zima wakumbuke kilichoonekana mjini Basel, Uswisi, katika utafiti uliochapishwa 2002: wagonjwa 335 waliachwa waseme mpaka wamalize wenyewe, na kwa wastani walitumia sekunde 92. Karibu wanne kati ya kila watano walikuwa wamemaliza kabla dakika mbili hazijatimia. Kwa hiyo kumsikiliza mtu hakuli muda kama inavyodhaniwa. Kwa mgonjwa wa tangu utotoni shida iko nyuma ya hapo. Mtu aliyezoea kusemewa tangu ana miaka mitano, ukimpa hizo dakika mbili pamoja na macho yako yote mawili, atasema "naendelea vizuri, daktari" na kunyamaza. Ndivyo alivyolelewa na kliniki yenyewe. Kutazamwa usoni hakumpi mtu maneno ambayo hakuwahi kupewa.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema mgonjwa sasa hana haja ya kumsubiri daktari, aulize mashine, kwani imeshathibitika kuwa mashine ina huruma kuliko binadamu. Chanzo cha dai hilo ni utafiti uliochapishwa Aprili 2023 katika jarida la JAMA Internal Medicine. Maswali 195 ya afya yaliyokuwa yameulizwa hadharani mtandaoni na kujibiwa na madaktari yalipewa ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, nayo iyajibu, na waliolinganisha majibu walipendelea ya mashine karibu mara nane katika kila kumi, kwa ubora na hata kwa upole wa lugha. Matokeo ni ya kweli. Habari zilizoandikwa juu yake ndizo zilizopotoka. Waliokuwa wakipima walikuwa wataalamu wa afya, si wagonjwa. Madaktari waliokuwa wakijibu walikuwa wanawajibu watu wasiowajua, kwa wastani wa maneno 52, wakati mashine ilitumia zaidi ya 200. Kilichopimwa ni jibu moja kwa swali moja. Ugonjwa wa maisha hauendi hivyo. Nusu ya shida yangu ilikuwa katika mambo ambayo sikujua kwamba yanaulizika, na mtu hawezi kuiuliza mashine jambo ambalo kwake ni la kawaida tangu anajitambua.

Hapo ndipo inapoanguka hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa husemwa kwa nia ya kumheshimu mgonjwa: "Huyu ni wa siku nyingi, anajua." Kwa karibu miaka kumi nilikuwa nachoma sindano mahali pamoja, upande wa kushoto wa kitovu, kwa kuwa ngozi ya pale ilikuwa imekufa ganzi na haikuuma. Pakaota uvimbe laini, kama sponji ndogo chini ya ngozi. Insulini ikiingia kwenye uvimbe wa namna hiyo hunyonywa bila mpangilio, leo kidogo, kesho kwa wingi. Madaktari watatu kwa zamu waliona sukari inapanda na kushuka, wakaongeza dozi. Faili lilisema nina ugonjwa huu tangu utotoni. Nani angemuuliza mzoefu anachoma wapi? Nikiwa na miaka 26, nesi mmoja wa kliniki ya watu wazima aliniambia nipandishe shati, akapapasa tumbo, akaniuliza nani alinifundisha kuchoma. Nikasema mama. "Na wewe, nani alikufundisha wewe?" Sikuwa na jibu. Akavuta kiti, akaanza mwanzo kabisa, kana kwamba nimegundulika asubuhi ile: insulini inafanya nini mwilini, kwa nini sehemu za kuchoma zinazungushwa, na kwa nini nikihamia kwenye ngozi nzima lazima dozi ipunguzwe kwanza, maana ile iliyoongezwa kwa ajili ya uvimbe ingeniangusha. Ilichukua nusu saa. Nusu saa hiyo ilibadilisha mwili wangu kuliko miaka kumi ya kuongezewa dozi, na bado nashikwa na uchungu nikifikiri ni wangapi hawajakutana na nesi yule.

Uzoefu ni elimu ya aina yake, sikatai, lakini si mbadala wa maelezo. Uchambuzi uliochapishwa 2003 ulieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya yale mtaalamu wa afya anayomwambia mgonjwa husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya kinachokumbukwa hukumbukwa vibaya. Huyo ni mtu mzima aliyekaa kiti cha mbele, akisikiliza habari zinazomhusu mwenyewe. Piga hesabu sasa ya maelezo yaliyotolewa miaka 20 iliyopita kwa mtu mwingine, akiwa amepigwa na butwaa la kuambiwa mwanawe ana ugonjwa usiopona, kisha yakamfikia mtoto vipande vipande kwa njia ya amri: usile hiki, meza hiki, usikimbie sana.

Hoja ya kuheshimika zaidi ni ile ya wazazi na madaktari wa watoto, kwamba mtoto alindwe na habari nzito. Naielewa, na naamini inatoka kwenye upendo. Lakini inachukulia kwamba mtoto asipoambiwa hajui. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner alikaa wodini na watoto wadogo wenye saratani ya damu, ambao watu wazima waliowazunguka walikuwa wamekubaliana kuwaficha. Watoto walijua. Walijua majina ya dawa, walijua wenzao waliotoweka wamekwenda wapi, na wengi walijua kwamba wao wenyewe wanakufa. Walichofanya ni kuwalinda wazazi kwa kujifanya hawajui. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watoto wenye VVU walio katika umri wa shule waambiwe hali yao, taratibu na kwa kadiri ya ukuaji wao; na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, ulishampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Hakuna anayetaka mtoto wa miaka sita asomewe orodha ya madhara ya figo na macho. Wa miaka sita anahitaji kujua kwamba hakuupata ugonjwa kwa sababu alikosa adabu. Wa miaka 13 anahitaji mengi zaidi ya hapo, na wa 18 anahitaji yote. Kosa linalofanyika ni kumweleza mzazi mara moja na kulifunga jambo.

Kuna na kinyume chake, nacho kinaumiza vilevile. Yupo mgonjwa aliyejifunza mwenyewe, kwa gharama yake, akafika na maneno kamili, akakuta maneno hayo yanamtia hatiani. Mtu mwenye selimundu akifika na maumivu makali na kutaja kwa jina dawa inayomsaidia pamoja na kipimo chake, mara nyingi hutazamwa kama mraibu anayetafuta dawa. Wengi wamejifunza kujifanya hawajui, wasubiri daktari aifikie dawa hiyo mwenyewe, huku maumivu yakiendelea. Hivyo mgonjwa wa tangu utotoni anabanwa huku na huku: akikaa kimya anahesabiwa kuwa ameelewa, akisema anahesabiwa kuwa na lake jambo. Simaanishi kwamba mgonjwa husema kweli kila mara au kwamba hakosei. Daftari langu na tumbo langu ni ushahidi. Namaanisha kwamba anachojua na asichojua vyote viwili vinatakiwa kutafutwa kwa kuulizwa, wala visikisiwe kwa kuhesabu miaka ya faili.

Ikiwa haya ni kweli, basi maelezo ya ugonjwa yawe ni kitu kinachorudiwa, kama chanjo inavyokuwa na marudio yake: mtoto anapoanza shule, anapobalehe, anapohama kwenda kliniki ya watu wazima, anapotaka kupata mtoto, anapopata kazi ya zamu za usiku. Nchini Uingereza mwongozo wa Februari 2016 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unataka maandalizi ya kuhama kliniki yaanze mtoto akiwa na miaka 13 au 14. Mahali pengi kuhama huko ni barua tu na tarehe mpya. Daktari wa watu wazima anayempokea kijana wa namna hii angeanza kwa kumwomba aueleze ugonjwa wake kwa maneno yake mwenyewe, si kwa kumtahini, bali ajue waanzie wapi. Na namba mbaya zipokelewe kama habari. Mtoto aliyeandika 19 kwenye daftari lake amefanya jambo gumu kuliko aliyeandika 7, na anastahili kusikia "asante kwa kuiandika, tutafute imetokea wapi" kabla hajaulizwa alikula nini. Maelezo ya faili nayo, yawe yameandikwa na binadamu au na programu, yafunguliwe kwa mwenye mwili ayasome, kama ilivyo nchini Marekani tangu Aprili 2021, ili sentensi ya "hafuati masharti" ipate mtu wa kuijibu.

Hapo ndipo chombo kipya kinaweza kupata thamani wanayokipa. Hospitali zinazotangaza kwamba programu hizi zimewaokolea madaktari dakika kadhaa kwa kila mgonjwa ziulizwe dakika hizo zimekwenda wapi. Zikitumika kuongeza wagonjwa wawili kwenye foleni, kwetu sisi hakuna kilichobadilika isipokuwa usafi wa faili. Zikikusanywa na kuwekwa mahali pamoja, kwa yule ambaye hakuna aliyewahi kumweleza, zinatosha kutengeneza ile nusu saa ya nesi.

Na mzazi asisahauliwe. Mama aliyeamka saa tisa usiku kwa miaka 13 kutoboa kidole cha mwanawe aliyelala, siku anapoambiwa ghafla "wewe subiri nje" anasikia kwamba kazi yake imedharauliwa, na mtoto anayeliona hilo anajifunza kwamba kujisemea ni kumsaliti mama. Hilo nalo linahitaji kuzungumzwa mapema. Mtoto akiwa na miaka 11, daktari anaweza kumwambia mama, na mtoto akiwepo na kusikia: "Mama, kuanzia mwakani dakika kumi za mwanzo nitazungumza naye peke yake. Wewe utaingia baadaye, naye ndiye atakayekueleza tulichozungumza."